Dakika Tisa Kati ya Mawe Mawili

Tarehe kumi na nne Machi nilimpoteza mume wangu, Baba Elia. Alianguka asubuhi akifunga mlango wa banda la kuku, na jirani alipopata gari alikuwa ameshakata roho. Hilo mnalijua, maana wengi wenu mlikuja Maisaka mkakaa nami matangani. Msilolijua ni kitu kilichopotea siku tatu baadaye, makaburini, mbele yenu wote.

Shemeji yangu, Baba Rehema, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma kuzaliwa, shule, kipaimara na ndoa yetu. Kisha akasoma, "Baadaye alirudi Babati akajishughulisha na kilimo na ufugaji wa kuku." Alirudi kutoka wapi? Hakusema. Miaka kumi na moja ya reli ilikuwa imeondolewa kwenye karatasi, na mimi mke nilikaa kwenye kiti nikanyamaza.

Mlipouliza nilikokwenda mwezi wa sita na kamba begani, nilisema nilikwenda kusalimia watu. Sikusema uongo, ila sikusema yote. Sasa nasema yote.

Baba Elia alikuwa mkaguzi wa njia. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli kila siku, na nyundo na spana, akiangalia boliti na mataruma yanayobeba reli kabla treni haijapita. Kando ya reli kuna mawe yenye namba, moja kila kilometa, na kila alipofika kwenye jiwe aliandika saa kwenye daftari. Kipande chake kilianza jiwe la 525 kikaishia jiwe la 537. Siku moja alikuja mkubwa kutoka mjini akayasoma madaftari. Akaona kila kilometa Baba Elia anatumia kama dakika kumi na tano, isipokuwa kati ya 531 na 532, ambako kila siku anatumia dakika tisa. Akasema mtu anayekagua hawezi kumaliza kilometa kwa dakika tisa, kwa hiyo sehemu hiyo haikagui, anairuka na kujaza daftari. Barua ikaandikwa: ameachishwa kazi kwa kughushi kumbukumbu.

Alirudi nyumbani na sanduku la bati, ile barua na daftari lake la mwisho. Aliniambia mara moja tu, "Mama Elia, ile kilometa ni fupi."

Mimi ni fundi cherehani. Nikamjibu, "Kilometa ni kilometa, Baba Elia. Mita hapa mezani kwangu ni mita moja, kwenu itakuwaje fupi?"

Miaka tisa tuliyoishi baada ya hapo hakulitaja tena, na mimi sikuuliza. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni nikiwa kwenye kiti makaburini.

Nilinunua kamba ya katani. Nikailowesha na kuivuta siku mbili, kama tunavyolowesha kitambaa cha pamba kabla ya kukata, ili isije kunidanganya baadaye. Nikaipima mezani kwa mita yangu ya mbao mpaka ikafika mita hamsini, nikafunga uzi mwekundu kila baada ya mita kumi. Nikaondoka.

BABATI HADI KONDOA

Basi lilitoka stendi saa kumi na mbili na nusu, likasimama Bonga kuchukua magunia ya vitunguu, kisha likaenda vizuri hadi tukakaribia Kondoa. Hapo likatoa mlio kama cherehani iliyokatika mkanda, likasimama.

Konda, kijana mwenye kofia nyekundu, akapita katikati ya viti. "Wazee wangu, nusu saa tu. Mkanda wa feni."

Nikaandika saa kwenye kijitabu changu. Ilipita saa nzima. Nikamuuliza.

"Nusu saa, mama yangu. Fundi yuko njiani."

Nikaandika tena. Mzee mmoja mfugaji, amejifunga shuka na kushika fimbo, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha basi akinitazama. "Unaandika nini kila mara?"

"Naandika hiyo nusu saa inaishia wapi."

Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Konda! Huyu mama ameweka nusu saa yako kwenye kitabu! Imeshazaa!"

Konda akanijia. "Mama, wewe ni trafiki?"

"Hapana, baba. Mimi ni fundi nguo."

"Sasa kalamu ya nini? Unataka kunichongea?"

Basi zima likacheka, mimi sikucheka. Nusu saa yake ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Lakini aliyeonekana ana kasoro pale ni mimi niliyeandika, siyo yeye aliyesema. Hasira ya safari hii ilianzia hapo. Nilianza kuona jinsi ilivyokuwa kwa Baba Elia.

Mama mmoja wa nyumba za karibu alituletea wali na maharage kwenye ndoo. Wali ulikuwa mzuri kuliko wa hotelini. Konda naye alikula, akaja kukaa pembeni yangu akasema, "Usiniandike na hii."

DODOMA

Niliingia Dodoma jioni, nikalala kwa binti wa kaka yangu. Asubuhi saa mbili kamili nilikuwa stesheni, kwa kuwa treni iliandikwa saa mbili. Ilikuja saa nane mchana. Ubao wenye saa mbili ulibaki umeandikwa saa mbili siku nzima, na hakuna aliyepewa barua ya kuachishwa kazi kwa kughushi.

Sitawachosha na yale masaa sita. Nilikula mihogo ya kukaanga na kachumbari, nikanunua zabibu kwa dada mmoja aliyeniapia ni tamu, zikawa chachu. Nilipomrudia kumwambia, aliionja moja mwenyewe, akakunja uso, akasema, "Kweli, mama, ni chachu," akanipa ubuyu. Namtaja kwa sababu kwenye safari nzima ndiye wa kwanza aliyekubali kupima tena kitu alichokwisha kukisema.

DODOMA HADI KITUONI

Kituo nilichoshukia sikitaji jina. Waliopo sasa siyo waliotukosea, isipokuwa mmoja, na huyo mtamsikia.

Ndani ya behewa nilikaa dirishani upande wa mawe, nikawa nayasoma. Yamepakwa chokaa, namba nyeusi. Nilijaribu kuhesabu sekunde kati ya jiwe na jiwe, lakini treni ilikwenda na kupunguza mwendo inavyotaka, nikaacha.

Nilishuka peke yangu saa kumi na moja kasoro. Steshenimasta alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa. Akaniamkia, "Shikamoo, mama. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea." Nikamweleza yote, nikamwonyesha daftari na kamba. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mimi sijui kufunga mlango wa mdomo. Ni kweli. Sijui kuanza na uongo mdogo halafu nikafuata na ukweli.

Akakuna kichwa. "Mama, ruhusa ya kutembea juu ya reli siwezi kukupa. Ni kosa, na ni hatari. Ila pembeni ya tuta kuna njia ya mbuzi. Kesho asubuhi mkaguzi anapita, Baba Chausiku. Mbuzi wakiongozana naye chini ya tuta, mimi sihesabu mbuzi."

Nyumba ya wageni hakuna, hivyo akanipeleka kwa huyo huyo Baba Chausiku, nyumba ya tofali nyuma ya kituo. Mkewe, Mama Chausiku, mwanamke mnene mwenye kicheko, alinipokea begi kabla sijamaliza kusema hodi. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda. Nilikuwa sijazoea mlenda wa kukauka wa kule. Niliutafuna kama mchicha, ukanivutika kidevuni, na yeye akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Mama wa Babati, unamezwa, hautafunwi!"

Jiko lake lilikuwa nje, juu ya kituta kirefu, na sakafu yake ilikuwa kokoto kubwa zilizoshindiliwa. Niliona ajabu mtu kujenga jiko juu ya kokoto, lakini ni jiko la mwenyeji, sikuuliza.

Mumewe alirudi, mtu mwembamba wa makamo, akaweka nyundo yake mlangoni. Mkewe akamwambia, "Huyu ni mke wa marehemu yule mkaguzi aliyefukuzwa. Anataka kupima kilometa."

Baba Chausiku alikuwa amenyoosha mkono anawe. Akaurudisha. Akasema pole, tena pole sana, na usiku ule hakula.

JIWE LA 530 HADI JIWE LA 532

Asubuhi tulitoka saa moja. Yeye alikwenda juu ya tuta na nyundo yake, mimi chini. Tulipofika jiwe la 530 alisimama akashuka, akashika ncha moja ya kamba bila kuambiwa.

Nilitaka kwanza kupima kilometa isiyo na maneno, ili nijue kama kamba yangu ni ya kweli. Kutoka 530 hadi 531 tulilaza kamba mara ishirini, ikabaki hatua mbili tu zisizofika. Nilifurahi. Kamba ilikuwa nzima.

Kufikia hapo tulikuwa na watu nyuma yetu. Kwanza wanawake wawili wenye ndoo, kisha mzee na baiskeli, kisha watu kama kumi na tano, wakinong'ona. Mwisho mama mmoja akaweka ndoo chini.

"Shikamoo, mpimaji. Tunaomba utuambie ukweli. Ni nyumba ngapi?"

"Nyumba za nini?"

"Za kubomoa! Kamba hiyo si ya kutuhamisha? Utatupaka alama nyekundu lini?"

Nikamwambia nyuzi zile nyekundu ni za kushonea, na mimi ni mjane kutoka Babati, napima njia aliyokuwa anaitembea mume wangu. Hawakuamini hadi Baba Chausiku alipowapigia kelele kwa Kigogo. Hata hivyo hawakuondoka. Walitufuata kuhakikisha.

Basi tukaanza kutoka 531. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Kwenye kamba ya kumi nikainua macho, nikaona jiwe jeupe mbele yetu karibu sana, nikadhani ni jiwe jingine, la mpaka labda. Kamba ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Kisha mita kumi na moja, na mkono wangu ukagusa jiwe. Nikasoma: 532.

Mita mia sita na kumi na moja.

Nilikaa chini kwenye kokoto. Sikulia. Nilipiga hesabu kwenye ukurasa wa kijitabu, kwa mwendo wake wa dakika kumi na tano kwa kilometa nzima. Nilifanya mara mbili kwa sababu mgawanyo siujui vizuri. Ilitoka dakika tisa na kidogo.

Nikamwuliza Baba Chausiku, "Ulijua?"

"Tulijua wote. Tunaiita kilometa mtoto."

"Na ninyi mkimshikia zamu hapa mlikuwa mnaandika dakika ngapi?"

Aliangalia nyundo yake. "Kumi na tano."

"Kumi na tano?"

"Kila kilometa, kumi na tano. Hata siku za mvua. Tulikuwa tunajaza tukiwa tumekaa, ukurasa mzima kwa pamoja. Mnyapara alituambia tuandike hivyo ili wakubwa wasiulize. Baba Elia tulimwambia. Tukamwambia, ndugu yetu, andika kumi na tano, ukae kwa amani. Akasema, nitaandikaje dakika ambazo sikuzitembea?"

"Na siku ya kikao alichohukumiwa?"

"Niliitwa."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sijui." Sasa alikuwa ananitazama. "Nilikuwa na watoto wanne, Mama Elia. Ningesema ile ni fupi, wangeniuliza na kumi na tano zangu zilitoka wapi."

Sijui kutukana, na pale nilitamani ningejua. Nilimwambia, "Waliodanganya daftari zima wamebaki kazini. Aliyeandika kweli mkampeleka nyumbani akafuge kuku."

Kisha nikakumbuka meza yangu ya kushonea, na mita yangu ya mbao, na jibu nililompa mume wangu. Sikuendelea kumsema. Tulikunja kamba, yeye upande wake na mimi upande wangu.

JIKONI

Mama Chausiku alikuwa ameshasikia kabla hatujafika. Akaniwekea uji, akakaa mbele yangu.

"Unajua umekaa wapi?" akaniuliza.

"Jikoni kwako."

"Umekaa kwenye reli. Nilipoolewa hapa treni ilikuwa inapita hapa hapa kwenye mafiga, inazunguka kona kubwa kukwepa korongo. Mafuriko yakaja yakabeba kona yote. Walipojenga upya wakaweka kalavati kubwa la kupitisha maji kwenye korongo, wakakata moja kwa moja pale unapopaona. Kona ikabaki kwangu. Ndiyo maana jiko langu halina matope." Akacheka, lakini kidogo.

"Na mawe?"

"Mawe hawakuyagusa. Waguse moja, basi wayaguse yote mpaka Kigoma. Kila daraja lina namba, kila kalavati, kila mahali behewa limewahi kuanguka, imeandikwa ofisini kwa namba ya jiwe. Wakaona heri ibaki moja fupi."

Hapo nikaelewa kabisa, kwa kuwa ni kazi yangu. Mteja akileta gauni lenye vifungo mbele kuanzia shingoni hadi chini, akataka kiuno kipandishwe, nakata kipande katikati naunganisha. Vifungo vingine vyote vinabaki mahali pake. Viwili tu, juu na chini ya mshono, vinakaribiana. Siwezi kutoboa vitundu vyote upya kwa ajili ya mshono mmoja. Nimefanya hivyo mara nyingi, mezani pale pale nilipomwambia Baba Elia kwamba haiwezekani.

KURUDI DODOMA

Nilikwenda ofisini wanakotunza mambo ya njia, ile ile iliyoandika barua. Sikutaka kitu ila karatasi. Karani, kijana mwenye miwani, alisikiliza nusu akatabasamu.

"Mama, kilometa 531 ni jina tu. Kama wewe unavyoitwa Mama Elia. Siyo kipimo."

"Ni jina?"

"Jina. Kila mtu wa njia anajua. Urefu wenyewe uko kwenye kitabu." Akavuta kitabu kipana kutoka kabatini, akafungua, akaweka kidole. "Hii hapa. Mita mia sita na kumi na mbili."

"Nimekosea mita moja," nikasema.

"Kwa kamba? Hongera sana."

"Kitabu hiki kilikuwa hapa miaka tisa iliyopita?"

"Ni cha zamani kuliko mimi."

"Kwenye kabati hili?"

Hapo akaacha kutabasamu.

Nikamwekea barua ya kuachishwa kazi juu ya kitabu. Nikamwambia, "Basi mlijua ni jina. Mkalichukua jina mkamhukumu nalo mtu kama kipimo, na kipimo chenyewe kiko hatua nne kutoka kwenye kiti alichokalia aliyeandika barua hii. Hakuinuka kwenda kabatini."

Alisoma barua mara mbili. Akasema aliyeisaini amestaafu. Akasema faili la kikao halipo, labda liliungua, labda liko ghala. Akasema yeye hana mamlaka ya kuandika chochote. Nikasema sitaki mamlaka yake, aandike tu namba iliyo kwenye kitabu na kugonga muhuri. Akasema muhuri hauwezekani. Nikauliza kwa nini kosa lilipata muhuri.

Akaangalia mlango. Kisha akakigeuza kitabu kikanielekea, akasema anakwenda kunywa chai. Nikanakili mistari yote kumi na miwili kutoka 525 hadi 537. Mmoja ulikuwa mrefu kwa mita arobaini na unaofuata mfupi kwa mita arobaini, kwa sababu jiwe lingeangukia katikati ya daraja, wakaliweka ukingoni. Mingine ni elfu moja kila mmoja. Na mtoto wetu, mia sita na kumi na mbili.

MAISAKA

Basi la kurudi halikuharibika. Sikuandika chochote.

Wiki iliyopita tulikaa kwangu kuandaa ibada ya kuweka msalaba: mimi, mama mkwe na shemeji Baba Rehema. Nikaweka mezani daftari, barua, karatasi niliyonakili, na ule wasifu aliousoma makaburini. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na jibu nililompa mume wangu. Mama mkwe aliniangalia muda mrefu nilipofika hapo. Kisha akavuta daftari la mwanawe akaliweka mapajani.

Shemeji alivua miwani. "Shemeji, nilikata ile miaka ili kumsitiri."

"Najua. Nami nilinyamaza ili kumsitiri. Aliyekuwa na la kusitiriwa siyo yeye."

Akachukua kalamu. Akafuta lile neno "baadaye", akaandika juu yake, akisema kwa sauti kadiri anavyoandika: "Kwa miaka kumi na moja alikuwa mkaguzi wa njia ya reli." Kalamu ikasimama. "Alikuwa anatembea kiasi gani kwa siku?"

"Jiwe la 525 hadi 537."

"Kilometa kumi na mbili." Akainamia karatasi. "Alitembea kilometa kumi na mbili kila siku."

"Usiandike hivyo, shemeji."

"Si umesema mwenyewe 525 hadi 537? Ni ibada, nani atapima? Inapendeza zaidi."

"Andika kilometa kumi na moja na mita mia sita na kumi na mbili."

Aliniangalia, akamwangalia mama yake. Mama mkwe akasema, "Andika anavyokwambia."

Akauliza aandike kwa maneno au kwa tarakimu. Nikamwambia vyovyote. Akaandika kwa vyote viwili.